Barua ya wazi kwa mnaosimamia maporomoko yetu: mlituhesabu tulipoingia tu

Waheshimiwa viongozi wa kijiji, kamati ya utalii, na ninyi wa ngazi za juu mnaopelekewa mgawo wa viingilio,

Walionizidi umri, shikamooni. Wengine, habari za kazi.

Maporomoko yenyewe sitayataja kwa jina. Niseme tu kwamba si Materuni, wala si Kinukamori ya Marangu, nisije nikawapaka matope watu wasiohusika. Ni yale ya kwetu, madogo, ambayo hadi juzijuzi yalikuwa mahali pa kukata majani ya ng'ombe na maficho ya watoto watoro wa shule. Leo yana geti, bango na foleni. Mnaohusika mtajijua kabla hamjafika katikati ya barua.

Mimi ni mtunza stoo Dar es Salaam, kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, mwaka wa 16 sasa. Kazi yangu ni leja: kilichoingia safu hii, kilichotoka safu ile, baki mwisho wa mstari. Nimelitanguliza hili ili mnivumilie kwa namna nitakavyosimulia. Kila mtu ana ugonjwa wa kazi yake.

Desemba mnajua tunavyokuja. Mabasi ya Moshi yanajaa tangu katikati ya mwezi, Dar inabaki inapumua, na huku mlimani kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kina gari moja au mawili yaliyoegeshwa pembeni ya migomba. Mwaka jana hata kaka yangu alikuja, kutoka Hamburg, na wifi na watoto wao wawili. Shule zimefungwa, jua linawaka, nyama ya Krismasi imeisha, watoto wameanza kugombana. Binti yangu akaona video ya maporomoko kwenye simu ya mama yake mdogo. "Bibi! Kumbe ni hapo karibu na kwako!"

Mama ana miaka 73. Amezaliwa ng'ambo ya mto huohuo, na maji ya pale ameyachota tangu akiwa mtoto, kabla bomba halijafika. "Kuna nini pale," akauliza, "zaidi ya maji kuanguka?" Lakini kesho yake yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza uani, amevaa raba za mjukuu, kanga kiunoni, na kikapu cha ndizi za kuchoma mkononi. Tulikuwa 11.

Tulifika getini saa saba mchana. Meza chini ya mparachichi, kijana mmoja, kaunta buku moja, na bango la bei tatu: raia, mkazi, mgeni. Kijana alikuwa na adabu zake. Alimwamkia mama, akatukaribisha, halafu akauliza pasi za watoto wa kaka. Ni za Kijerumani. Basi, bei ya mgeni.

Mama akamshika mjukuu wake kidevu, akamgeuzia yule kijana uso wa mtoto. "Mgeni wa nani huyu? Pua hii umeiona wapi?"

Kijana akaitazama ile pua, akamtazama mama, akalitazama bango. "Bibi, mimi nafuata bango."

Hapo mama akamwambia neno ambalo sitaliandika. Nitalirudia jambo hilo mwishoni kwa sababu nimetumwa. Kwa upande wangu nilikuwa na yule kijana. Mimi mwenyewe nimewahi kumnyima bosi wangu pakiti ya misumari kwa kuwa hakuja na karatasi. Bei tatu kwa damu moja inachekesha, na siku mkikaa kikao mngeweza kuifikiria, ila siyo iliyonifanya niandike. Tulilipa kwa lipa namba, tukapewa risiti, tena yenye maandishi yanayosomeka. Kwa hilo nawapa heko bila kejeli.

Kilichonigusa ni daftari. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina la mkuu wa msafara, idadi, uraia, kiasi, sahihi. Nikalisoma kutoka kushoto kwenda kulia kama ninavyosoma leja ofisini, macho yakafika ukingoni mwa karatasi yakitafuta safu moja zaidi. Haikuwepo. Hakuna mahali pa kuandika aliyetoka. Nililiona hilo saa saba mchana, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa likizo.

Njia ya kushuka ni nzuri, na uzuri wake hauna haja ya kusifiwa na mtu aliyezaliwa pale. Kahawa, migomba, halafu ule mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji, unaoambatana na njia kwa hatua kama 200 hivi, maji yakienda kimya kwenye ubavu wa mlima kama vile hayajui kuna bonde. Mama alisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Aliwaonyesha watoto jinsi maji yanavyogeuzwa kwa jembe na kipande cha mgomba, akawaambia kwamba kila ukoo ulikuwa na zamu yake, na kwamba asiyetokea siku ya kusafisha mfongo alitozwa pombe. Mtoto mdogo wa kaka akauliza kwa nini mtu atozwe pombe badala ya hela. Mama akasema, "Hela utainywa?"

Ngazi za mwisho ni mbovu. Magogo mawili yameoza na udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Mnalijua, mmeshaambiwa, sikai hapo.

Kijana aliyetuongoza alitufikisha chini, akatuonyesha pa kukaa, kisha akapanda tena juu. Siku ile waongozaji walikuwa wawili na wageni walikuwa wengi, kwa hiyo kila kundi lilishushwa na kuachwa. Simlaumu. Alikuwa ameshashuka na kupanda mara tano tangu asubuhi, fulana imemganda mgongoni.

Chini kulikuwa kama sikukuu. Manyunyu, kelele, watu wanapiga picha. Mtoto wa kaka aliingiza mguu mmoja kwenye maji akapiga ukelele wa Kijerumani ambao hauhitaji tafsiri. Watoto wangu wakaingia mpaka magotini. Ng'ambo ya pili, kwenye ule mwamba wenye majani, kulikuwa na kijana na mwenzake wa kike waliokuwa wamevuka kwa kurukia mawe. Jua lilikuwa kali, na pale chini anga unaiona kipande kidogo tu, nacho kilikuwa cha bluu tupu.

Mama alikaa kwenye jiwe bapa, anamenya ndizi. Akaacha kumenya.

Nilidhani ameumwa. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya simu ikiita na hajui iko chumba gani. Kisha akanyoosha kidole kwenye ukingo wa maji. Palikuwa na majani makavu yanazunguka, vijiti vyembamba, na katikati ya yale maji meupe mstari wa kahawia usiozidi upana wa kanga iliyokunjwa. "Kunanyesha juu," akasema. Halafu akasimama na kupaza sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa na miaka tisa nimepanda mti wa jirani: "Tokeni! Wote! Viatu acheni!"

Watoto walitoka kwa kuiogopa sauti ile. Hatari yenyewe hawakuiona, hata mimi sikuiona. Tulianza kupanda, mume wangu nyuma kabisa akimsukuma mama, mama akimfokea asimsukume. Watu wengine walituangalia kama tumegombana. Wengine walifuata, nadhani kwa kuona watoto wanakimbizwa. Tulipofika kwenye kona yenye mkuyu nikageuka. Jiwe alilokuwa amekalia mama halipo. Nikatazama simu kwa mazoea ya kazi: dakika 12 tangu mama apaze sauti. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na ile sauti haikuwa tena ya maji. Ilikuwa ya mawe yanayogongana chini ya maji.

Wale wawili walikuwa bado ng'ambo, wamekaa juu ya mwamba wamegeukia maporomoko. Tulipiga kelele, mto ukazimeza. Tukapunga mikono kwamba ondokeni, pandeni juu. Wakatuona. Wakatupungia nao. Yule msichana akainua simu akatupiga picha.

Sijui ile picha iko wapi leo. Ningependa kuiona: watu kumi na kitu kwenye kona, midomo wazi, na bibi mmoja anarusha kanga hewani.

Walipogeuka kutafuta mawe waliyovukia, hayakuwepo.

Nilitangulia mbio hadi getini. Nikamwambia yule kijana kuna watu wamekwama, na huenda wako wengine. Akauliza, "Wako wangapi?" Nikamwambia hilo nakuuliza wewe. Akafungua daftari, kidole kikashuka kwenye safu ya idadi, midomo ikihesabu. Tangu asubuhi walikuwa wameingia watu 64. "Na waliotoka?" Akainua kichwa akaitazama barabara, kama vile waliokwisha kuondoka wangekuwa bado wamepanga mstari pale wanasubiri kuhesabiwa.

Waheshimiwa, salio la lipa namba alikuwa nalo hadi shilingi ya mwisho.

Aliyewatoa wale watoto wa watu alikuwa mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aliutua, akauliza wako upande gani, akaenda zake kwa njia ya juu, kwenye daraja la magogo ambalo halimo kwenye bango lenu wala kwenye maelezo ya waongozaji. Saa kumi na mbili jioni alirudi nao. Msichana alikuwa na kiatu kimoja. Hakuna aliyeumia. Yule mama akajitwisha majani yake akaondoka, na sidhani kuna aliyempa hata nauli.

Labda mtasema ni bahati mbaya ya siku moja. Ngoja niwaambie ninachokijua, na ninyi wa mlimani mnakijua kuliko mimi. Ule ukanda wa msitu upande wetu wa kusini wa Kilimanjaro hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Moshi mjini haipati hata nusu ya hiyo. Mito yetu ni mifupi na mteremko ni mkali. Mvua ikipiga msituni mchana, mtu aliye bondeni kwenye jua hakuna kitu cha kumtahadharisha, isipokuwa rangi ya maji na sauti yake, na hivyo viwili vikifika miguuni pake muda umeshakwisha. Na maji siyo mepesi. Mita moja ya ujazo ni tani moja, yaani mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Mimi mifuko 20 nahitaji vijana wanne kuipakia. Mto unaipakia kwa sekunde moja, inayofuata tena, inayofuata tena. Sentimita 15 tu za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima.

Majirani zetu wa Kenya wamelipia somo hili mara mbili mahali pamoja. Kwenye korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana 7 waliokuwa katika safari ya kanisa. Septemba 2019, korongo lilelile, watu 7 tena, mwongozaji wao akiwa mmojawapo. Miaka saba katikati. Baada ya hapo korongo likafungwa.

Kuna mjomba wangu anayetaka hapa napo pafungwe. Nimemkatalia. Pale getini vijana wamepata kazi, kina mama wanauza kahawa ya kutwangwa na parachichi, na watoto wa kaka yangu wamejua mfongo ni nini. Pakifungwa watu wataendelea kushuka kwa njia za panya, bila hata hilo daftari la safu sita.

Mtasema pia kwamba liko tangazo. Nimelisoma: anayeogelea anaogelea kwa hatari yake mwenyewe. Sawa, lakini lile bango limesimama palepale jua na mvua, halisikii kunyesha. Na aliyelipa bei ya mgeni kutoka Hamburg au ya raia kutoka Tandika atajuaje kwamba mstari wa kahawia maana yake ni kukimbia? Mama alijua kwa sababu mto ule ulimlea. Hamwezi kumkodisha mama yangu kwa kila kundi. Ana ng'ombe wa kuangalia.

Lakini wako wanaojua kabla yake. Kule juu kwenye banio la mfongo, watu wanaofungua na kufunga maji huona mto unachafuka kabla haujatufikia sisi. Mama anasema zamani wakiona hivyo walipiga yowe, likashuka kihamba kwa kihamba, na wafuaji wote mtoni wakaokota nguo zao. Yowe halikuwa na bajeti wala kamati. Sasa kila mmoja kule juu ana simu mfukoni. Ninachoomba ni mzee wa mfongo apewe namba ya getini, na kila mwezi kwenye viingilio itolewe hela ya vocha yake na ya yule wa zamu, pamoja na chochote cha kumshukuru. Geti liwe na honi ile ya kupuliza ya gesi, maana filimbi mto unaimeza, nimeona kwa macho yangu. Na chini, wakati wowote kuna wageni, abaki mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia maji, siyo kupiga watu picha. Akisikia honi, anajua la kufanya na anajua lile daraja la magogo liko wapi. Mkitaka mwalimu wa kumfundisha njia ya ng'ambo, mtafuteni mama wa majani. Mumlipe.

Halafu daftari. Naomba mnisikilize hapa, maana ndiyo fani yangu. Safu ya "saa ya kutoka" peke yake haitatosha, watu wakitoka hawasimami kuandika, wana njaa. Kwenye migodi hufanya hivi: kila anayeshuka huchukua kibati chenye namba kutoka ubaoni, akipanda hukirudisha kwenye msumari wake. Mlinzi hahitaji kusoma wala kujumlisha. Anautazama ubao, msumari ulio wazi ni mtu aliye chini. Wageni wenyewe watakipenda hicho kibati, watoto watakigombania. Kama mnaogopa kuondoka navyo, shikilieni risiti mpaka kirudi.

Plaiwudi nusu shiti, misumari ya inchi mbili, na vibati 100 vya kukatwa kwa fundi bati pale sokoni. Bei zake nazijua kwa kichwa, na haifiki makusanyo ya Jumamosi moja ya Desemba. Hata hivyo plaiwudi na misumari nitaleta mwenyewe Pasaka, na kaka ametuma ya vibati. Amesisitiza niandike kwamba ametuma kama raia.

Mkiamua kuturudishia nafasi kwenye kikao cha kijiji kulizungumza hili, mama atakuja. Nawatahadharisha kwamba akishika kipaza sauti haachi.

Sasa lile nililotumwa. Jioni ile, tulipokwisha kuoga na kunywa mtori, mama hakulala mapema. Kesho yake alfajiri nilimkuta mpakani mwa kihamba anakata jani la isale, lile ambalo kwetu Wachaga hutumwa kuomba msamaha. Akalifunga fundo, akanipa. "Yule mtoto wa getini," akasema. "Nilimwita mwizi mbele ya watu, na yeye alikuwa anafuata alichoandikiwa." Wa nyumbani mnajua isale likishafungwa na kutumwa halirudi nalo mtu. Nilipita tarehe 2 Januari nikienda kupanda basi. Geti lilikuwa limefungwa, hakuna mtu. Gari lilikuwa linapiga honi, nikalifunga kwenye mguu wa meza, ule wa upande wa mparachichi.

Kama mlilikuta mkadhani ni uchafu, halikuwa uchafu. Lilikuwa lake. Mwambieni.

Wenu,
Mtunza stoo, binti wa ng'ambo ya mto
Dar es Salaam